Mwalimu Nyerere na Deni la Taifa: Kumbukumbu kutoka Kibondo na Kasulu

Asafiriye kutoka Kibondo kwenda Kasulu siku hizi hupita juu ya lami. Wanaoikumbuka njia ile ya vumbi jekundu, na tope la masika ambalo lori liliweza kulala ndani yake siku mbili likingojea jua, wana sababu ya kushukuru. Barabara hiyo huanzia Kabingo, hupita Kibondo na Kasulu, na kushuka hadi Manyovu mpakani mwa Burundi, mwendo wa kilometa 260 hivi. Sehemu kubwa ya fedha zilizoijenga ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mkopo huo utalipwa kwa kodi ya wote, hata ya mkulima wa maharage ambaye hajawahi kumiliki baiskeli.

Bajeti ya mwaka 2025/26 iliposomwa bungeni, deni la Serikali lilikuwa limekwisha kuvuka shilingi trilioni 100. Habari hizi zinapozungumzwa, nyumbani au nje ya kanisa baada ya Misa, halikosi kutokea jina moja. Husemwa kwamba zama za Mwalimu nchi haikukopa, na kwamba angalikuwapo leo tusingalifika hapa. Maneno hayo hutoka katika mapenzi, lakini si kweli. Julius Kambarage Nyerere, Baba wa Taifa, ambaye tangu mwaka 2005 Jimbo la Musoma limeanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri na ambaye Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu, aliiongoza nchi iliyokopa, ikakopa tena, na mwisho ikashindwa kulipa. Naye alikuwa mmoja wa watu wachache walioiona hatari hiyo mapema na kuitangaza kwa maandishi. Jinsi mambo hayo mawili yalivyokaa ndani ya maisha ya mtu mmoja ndiyo habari tunayotaka kuisimulia hapa.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mugaya wa Nyang'ombe. Alisoma Mwisenge, Musoma, kisha Tabora. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943 na kupewa jina la Julius, mwaka ule ule alioingia Chuo cha Makerere. Baadaye alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria iliyokuwa chini ya Mapadre Weupe, na kwa msaada wa mkuu wa shule hiyo, Padre Richard Walsh, alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949. Huko alisoma historia, falsafa na uchumi. Wanaodhani kwamba aliingia katika mambo ya fedha kama mtu asiyejua hesabu wanakosea.

Reli inayopita Tabora ina historia yake kwa watu wa Buha. Ndiyo iliyowachukua vijana wa Kasulu na Kibondo kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako walifanya kazi kwa mkataba na kuitwa manamba. Serikali ya mkoloni ilidai kodi ya fedha taslimu mahali ambapo njia za kupata fedha zilikuwa chache mno, na hivyo nyanda hizi zenye rutuba ziligeuka ghala la vibarua. Mwanamume aliondoka nyumbani ili alipe deni ambalo hakulikopa. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, watu wa huku hawakuhitaji kufundishwa maana ya kudaiwa.

Mipango ya kwanza ya maendeleo ya nchi huru ilitegemea fedha za nje kwa sehemu kubwa. Somo la kwanza lilikuja upesi. Baada ya Muungano wa mwaka 1964, Ujerumani Magharibi iliondoa sehemu ya misaada yake kwa sababu Ujerumani Mashariki ilikuwa na ofisi ya kibalozi Zanzibar. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza juu ya suala la Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kuahidiwa ukazuiwa. Mwalimu alijua bei ya uamuzi huo kabla ya kuutoa, akautoa. Tangu hapo alielewa kwamba aliyekukopesha ameketi nawe mezani hata kama humwoni.

Mwaka uliofuata wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamikia na mishahara ya wakubwa. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, lakini katika jambo la mishahara aliwaunga mkono, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mnamo tarehe 5 Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Watu wengi hulikumbuka kwa miiko ya viongozi na kwa kutaifishwa kwa mabenki siku iliyofuata. Husahaulika kwamba sehemu ndefu ya azimio hilo inahusu fedha: inakataa wazo la kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo, na inaonya kwamba taifa linalojengwa kwa misaada na mikopo linauza uhuru wake kidogo kidogo. Majuma saba baadaye, tarehe 26 Machi, Papa Paulo VI alitoa waraka wa Populorum Progressio, ambao nao ulitaka wakopeshaji na wakopaji wapatane kwa haki ili mataifa maskini yasielemewe na madeni. Sina haja ya kusema kwamba mmoja alimsikiliza mwenzake. Jambo lilikuwa hewani, na watu wawili waaminifu walilivuta.

Tena, kazi hii hakuifanya kwa azimio tu. Mwaka 1969 ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, aliyoipa jina la Mabepari wa Venisi. Ni kisa cha mfanyabiashara anayekopa si kwa haja yake bali kwa ajili ya rafiki, na kuweka rehani nyama ya mwili wake. Tanzania miaka ile ilikuwa inabeba mzigo wa ukombozi wa nchi za kusini mwa Afrika, na Kamati ya Ukombozi ilikuwa Dar es Salaam tangu 1963. Msomaji na alinganishe mwenyewe.

Hata hivyo, miaka kumi iliyofuata Azimio ndiyo miaka ambayo misaada na mikopo iliingia kwa wingi kuliko wakati wowote uliotangulia. Hilo ndilo fumbo la maisha yake. Mataifa ya Skandinavia, Benki ya Dunia na China walimwona kiongozi asiyeiba, wakafungua mikono. Reli ya Tanzania na Zambia, yenye kilometa 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, ikakamilika mwaka 1975. Huo ulikuwa mkopo wenye shabaha. Lakini kulikuwa na mikopo ya namna nyingine. Mjini Morogoro kilijengwa kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia, kikitazamiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza nyingi Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Viatu havikuonekana, deni likabaki. Mashirika ya umma yaliongezeka hadi yakazidi 400, na mengi yaliishi kwa kukopa katika benki ambayo nayo ilikuwa mali ya Serikali. Serikali yenyewe ilipopungukiwa ilikopa huko huko. Mkono wa kulia ulikopa kwa mkono wa kushoto, na mwananchi aliliona deni hilo dukani: mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka.

Katika nyanda zetu mabadiliko makubwa yalikuja na vijiji. Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufanyiwa operesheni ya kuhamisha watu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Waha walikuwa wakikaa wametawanyika juu ya vilima, kila mji ndani ya migomba yake. Waliambiwa washuke kando ya barabara, kwa ahadi ya shule, maji na zahanati. Shule zilikuja kweli kweli, na hili lisifichwe: ada ya shule ya msingi ilifutwa, na wazee walijifunza kusoma jioni katika madarasa ya kisomo. Lakini migomba haihamishwi kwa amri, na huduma zilizoahidiwa zilihitaji fedha za kila mwaka ambazo nchi haikuwa nazo. Mahali pengine nchini nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mwaka 1974 ukame ulipoungana na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni zilikwenda kununua chakula, na watu wengi walionja ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya Marekani.

Kulikuwa na nafuu ya muda. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ikapanda duniani, na hazina ya Tanzania ikajaa kidogo. Mwaka 1978 masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalilegezwa, na akiba ile ikayeyuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, hivyo nchi ililazimika kuanzisha peke yake ndege, posta na mengine yaliyokuwa ya pamoja. Kisha mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera.

Katika vita vile Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Gharama yake imekadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500, na nchi nyingine za Afrika, ambazo zilinufaika kwa kuondoka kwa Amin kama sisi, hazikuchangia cha maana. Kwa maoni yangu, katika madeni yote ya zama zile hili ndilo ambalo hakuna Mtanzania anayepaswa kulionea haya. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, na mkanda haukufunguliwa.

Mafuta yalipanda tena mwaka 1979. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa tayari kukopesha, kwa masharti: thamani ya shilingi ishushwe, matumizi ya Serikali yapunguzwe, ruzuku ziondolewe. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliona kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mwalimu alikataa, na Mtei akajiuzulu. Katika salamu za mwaka mpya wa 1980 mbele ya mabalozi, Mwalimu alilishutumu shirika hilo kwa kujifanya wizara ya fedha ya dunia nzima. Makubaliano yaliyofikiwa baadaye mwaka huo yalivunjika katika muda wa miezi michache.

Ni nani aliyekuwa na haki? Wengi waliosoma uchumi humpa Mtei, na yaliyotokea baadaye yanawapa nguvu, kwa kuwa mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikubali shilingi ishushwe hadi 17 kwa dola. Lakini Mwalimu aliona jambo ambalo hesabu haikulionyesha: kwamba katika kupunguza matumizi, shule na zahanati ndizo zingetangulia, kwa sababu wenye kuzitumia hawana sauti. Naye hakukosea. Kosa lake, ninavyoliona mimi, lilikuwa katika miaka mitano ya kusubiri. Kukataa dawa chungu ni haki ya mgonjwa, lakini lazima awe na nyingine, na ile Mipango ya Kujihami ya 1981 na 1982 haikutosha kuwa dawa.

Kasulu na Kibondo miaka hiyo ilikuwaje, waliokuwa watu wazima wanajua. Chumvi ilipatikana kwa kuwa Uvinza ni jirani. Sukari, sabuni, mafuta ya taa na khanga zilikuwa habari ya foleni, na nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Malori yaliharibika na vipuri havikuwapo, kwa sababu kipuri kililipiwa kwa fedha za kigeni. Mazao yakakaa vijijini yakingoja gari, na fedha za mkulima zikangoja mazao. Walio karibu na mpaka waliuza na kununua Burundi kwa magendo. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, wahujumu uchumi na walanguzi walikamatwa kwa maelfu nchini kote. Maduka hayakujaa kwa sababu hiyo.

Mwalimu mwenyewe aliishi Msasani kwa maisha ya kawaida, akasali Misa karibu kila siku, na hakujilimbikizia mali. Hili lazima lisemwe, kisha lazima liongezwe jambo: mikono safi ya kiongozi haikuzuia nchi kuzama katika deni. Mwanya haukuwa mfukoni mwake. Ulikuwa katika vyombo vya kuhesabu na kuuliza. Serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, hivyo mkulima wa Kibondo hakuwa na kikao ambacho angeweza kusimama na kuuliza fedha yake iko wapi. Kabla ya kung'atuka Mwalimu alikiri hadharani kwamba kuviondoa vyombo hivyo viwili lilikuwa kosa, na vyote vikarudishwa. Viongozi wanaokiri kosa wangali madarakani ni wachache, nami nadhani kukiri huko kuna uzito katika maisha yake kuliko hotuba nyingi tunazozikariri.

Tarehe 5 Novemba 1985 alimwachia Ali Hassan Mwinyi kiti cha urais. Mwaka uliofuata Serikali mpya ilipatana na Shirika la Fedha, shilingi ikashuka hadi 40 kwa dola na kuendelea kushuka. Sabuni ikarudi madukani. Michango na ada vilirudi pia shuleni na hospitalini, na watoto wakaanza kubaki nyumbani.

Mwalimu hakunyamaza. Akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kati ya 1984 na 1985 alikuwa amekwisha kuuliza kama ni haki kuwalaza watoto njaa ili deni lilipwe. Kuanzia 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Nchi za Kusini, akitetea mataifa maskini yasimame pamoja mbele ya wanaowadai. Kanisa nalo lilikuwa likilitazama jambo hilo hilo: Desemba 1986 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati juu ya deni la kimataifa na maadili yake, na mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II, aliyetutembelea Septemba 1990, alipendekeza Jubilei ya mwaka 2000 iwe wakati wa kupunguza au kufuta kabisa madeni ya mataifa maskini, kwa kufuata desturi ya jubilei katika Kitabu cha Walawi.

Wakati huo wilaya zetu zilikuwa na mgeni mwingine. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mnamo Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu walivuka mpaka, na majina ya Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Nduta, na baadaye Nyarugusu kwa ndugu kutoka Kongo, yakajulikana duniani. Mwaka 1983 Mwalimu alikuwa amepewa nishani ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Sasa nchi ile ile, ikilipa wadai fedha nyingi kila mwaka, iliombwa kupokea tena, na familia za Kasulu na Kibondo ziligawana kuni, maji na ardhi na waliokuja. Tangu 1996 hadi ugonjwa ulipomshinda, Mwalimu alikuwa msuluhishi wa Burundi, akianzia Mwanza na kuendelea Arusha. Mkataba ulitiwa saini Agosti 2000, akiwa hayupo.

Alifariki dunia katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23. Deni la nje la Tanzania lilikuwa zaidi ya dola bilioni 7.

Aprili 2000 Tanzania ilikubaliwa katika mpango wa kuzisaidia nchi maskini zenye madeni makubwa, na Novemba 2001 ikakamilisha masharti yake na kupata nafuu iliyohesabiwa kufikia dola bilioni 3 kwa miaka ya mbele. Mwaka huo huo Serikali ilifuta ada ya shule za msingi. Shule zilipofunguliwa mwanzoni mwa 2002, Kibondo na Kasulu kama kwingineko nchini, watoto wa miaka saba walikaa darasa la kwanza pamoja na wenzao wa miaka kumi na zaidi waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa ada, na pale ambapo madarasa hayakutosha walisomea chini ya miti. Watoto wale sasa wana miaka thelathini na kitu. Ndio wanaoanza kuilipia barabara ya Manyovu.